Msimsafishe mnyanyasaji kwa kumtumia mhusika wangu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na siremba mwandiko.

Hadithi yetu ya kupokezana, ile ya shule ya bweni upande wa Kibosho, imeharibiwa. Tulikubaliana tangu mwanzo: kila mtu na mhusika wake, na hakuna kumsemea mhusika wa mwenzako bila kumuuliza. Eliya ni wangu. Kifaru ni wa ndugu mmoja humu, simtaji, anajijua.

Kifaru kamtesa Eliya tangu kidato cha kwanza. Kamwamsha saa kumi alfajiri mwezi wa saba, na baridi ya Moshi mnaijua, akamfulie mashuka. Kavunja kufuli la tranka lake, kabeba sukari na unga wa lishe aliotumiwa na mama yake anayeuza mitumba Kiborloni, kisha kamsimamisha mbele ya bweni zima aombe radhi eti kwa uchoyo. Bweni likacheka.

Jana nakuta sehemu mpya. Kifaru anasimulia baba yake alikuwa mlevi na alimpiga sana. Machozi. Aya inayofuata Eliya anamkumbatia: "Nimekusamehe, kaka." Nani kasema kasamehe? Mwandishi wa Eliya ni mimi na sijaandika hata neno!

Sikatai Kifaru abadilike. Nilikuwa naisubiri kwa hamu sehemu hiyo. Lakini utoto mgumu unatueleza ukatili wake ulianzia wapi, haulipi deni. Basi aende Kiborloni, asimame kati ya marobota ya nguo, amwambie yule mama alichokula. Akiri mbele ya bweni lilelile lililocheka. Amkinge njuka mwingine, mwanafunzi mgeni, asifulishwe, hata kama rafiki zake watamgeuka. Na baada ya yote hayo, Eliya awe bado na haki ya kumkwepa bombani, moyo ukimwenda mbio kila akisikia kandambili zake kwenye korido.

Na nyie mnaoniambia "punguza jazba, ni hadithi tu": kuna dada humu kaniandikia pembeni, aliyapitia hayohayo shuleni, na kumbatio lile limemuumiza. Mtamjibu nini?

Admini, futa kuanzia kwenye kumbatio. Machozi abaki nayo Kifaru, ni mhusika wake. Mkikataa, namhamisha Eliya shule, na Kifaru atafute mwingine wa kumsamehe.