Kikapu cha kupikia bila moto: maharagwe yanabaki magumu, kosa liko wapi?

Wifi_wa_Bahati (Nakuru)
Hamjambo wadau. Naomba ushauri kuhusu kikapu cha kupikia, kile unachotia sufuria ikitoka motoni ili chakula kimalizikie humo bila makaa. Vipimo ni hivi: kikapu cha mafunjo, upana wa ndani sentimita 38, kimeshonewa vipande vya sweta kuukuu, unene kama sentimita 4. Juu kinafunikwa kwa leso iliyokunjwa mara nne. Sufuria ni ya lita 7. Maharagwe ya nyayo (aina ya maharagwe mekundu) nusu kilo, hayakulowekwa, yalichemka dakika 10. Baada ya masaa manne mchuzi ni vuguvugu na maharagwe yanagonga meno. Yakilala humo hadi asubuhi yanaanza kunuka. Kosa ni la kikapu au la mpishi?

FundiWaMafunjo (Kisumu)
Dada, kikapu kina makosa mawili na sufuria moja. Ya mpishi nawaachia wengine.

Mafunjo kazi yake ni kushika umbo tu. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani ya kijazio, na sentimita 4 ni kidogo. Weka 10 kila upande, chini na juu vilevile. Juu ndiko wengi hukosea, na kwako mvuke unapita kwenye hiyo leso bila kubisha hodi.

Sufuria nayo: nusu kilo ndani ya lita 7 itapoa upesi, kwa sababu wingi wa maji ya moto ndio unaobeba joto. Ijae robo tatu. Nusu kilo itoshe sufuria ya lita 3, kilo moja lita 5. Ukishikilia ile ya lita 7, pika kilo moja na nusu.

Tuseme umechukua ya lita 5. Mdomo huwa karibu sentimita 24, na kimo na kifuniko chake kama 15. Kikapu basi kiwe na upana wa ndani wa 44 na kina cha 35. Pima yako kwanza, sufuria za madukani hazifanani. Mto wa kufunikia: kata maduara mawili ya upana wa sentimita 47 (3 ni za mshono) na utepe wa urefu wa 141 kwa 13. Shona, acha nafasi ya kiganja, jaza, ziba. Mto uingie ndani ya mdomo wa kikapu kwa kubana. Ukilala juu juu kama kofia, umerudi pale pale pa leso.

Kijazio: sweta za mtumba zilizokatwakatwa, sponji za mafundi magodoro, au maganda ya mpunga. Maganda ni mazuri sana na viwanda vya kukoboa huko Ahero vinayo tele, ila yana tabia ya kushuka chini na kuacha sehemu ya juu tupu. Shona mifuko ya wima yenye upana wa kiganja, uijaze mmoja mmoja. Usishindilie, ukishindilia unaifukuza hewa uliyokuwa unaitafuta.

Mwiko_Mrefu (Kakamega)
Wifi, kabla ya habari za kushona: maharagwe mekundu yakiwa bado magumu usiyaonje, wala usimpe mtoto. Yana sumu ya asili, lektini, inayoleta kutapika na kuhara ndani ya masaa machache. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko mkali. Vuguvugu haliivunji, na maharagwe yaliyopikwa chini ya nyuzi 80 yanaweza hata kuwa na sumu zaidi kuliko mabichi. Kikapu hakichemshi, kinatunza tu joto ulilokipa. Kwa hiyo kazi ya kuua sumu ni ya jiko.

Loweka usiku kucha, masaa manane hivi, maji yawe mara tatu ya maharagwe. Yamwage, suuza, tia maji mapya yafunike kwa vidole viwili. Chemsha kwa nguvu dakika 30 huku yakitokota kweli, dakika 5 za mwisho sufuria ikiwa imefunikwa ili kifuniko nacho kipate moto. Toka jikoni moja kwa moja hadi kikapuni, na usifungue masaa manne. Kila ukichungulia, mvuke unatoka na joto lake. Ukifungua baada ya hayo masaa manne, rudisha motoni yachemke dakika 10, ndipo ukaange.

Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu ni kama 96. Ndiyo maana zile dakika 10 zako hazitoshi.

Ile harufu ya asubuhi: chakula kikishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu vilivyojificha kwenye mchemko huamka na kuzaana. Kikapu si friji. Masaa matano, sita, kitoe. Kilicholala humo usikiokoe kwa kukichemsha upya, kimwage.

Chungu_Kipya (Vihiga)
Naongeza: angalia umri wa maharagwe. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto na unyevu hayaivi hata ukiyaombea. Sokoni uliza ya msimu huu. Nyanya na ndimu zingoje yalainike kwanza, uchachu hukaza maganda. Magadi hulainisha, lakini robo kijiko cha chai kwa kilo inatosha. Zaidi ya hapo ladha inakuwa ya sabuni na vitamini B1 inapotea.

Na kikapu ukishonee bitana ya nailoni ngumu ili mvuke usilowanishe sweta.

FundiWaMafunjo (Kisumu)
Hapo kwa nailoni sikubaliani, ndugu yangu. Mvuke hupenya kwenye mishono, unanaswa nyuma yake, na baada ya wiki mbili kijazio kinaota ukungu. Afadhali bitana ya pamba inayotoka, ufue na kuanika. Kijazio kikilowa hakizuii joto tena, kwa hiyo kikapu na mto vipigwe jua kila baada ya kupika. Na kabla ya kutia sufuria, pangusa masizi, la sivyo bitana itakuwa nyeusi siku ya kwanza.

Chungu_Kipya (Vihiga)
Kuanika, sawa. Lakini msimu wa mvua huku kwetu jua la kuanikia utalitoa wapi? Mimi nabaki na nailoni.

Wifi_wa_Bahati (Nakuru)
Asanteni sana. Na githeri ya mahindi makavu, na wali, vinawezekana humo?

Mwiko_Mrefu (Kakamega)
Wali ndio rahisi kuliko vyote. Kikombe cha mchele kwa kimoja na nusu cha maji, maana hakuna maji yanayokauka. Chemsha dakika 5, kikapuni dakika 50, mle ukiwa moto. Usiuache hadi jioni.

Mahindi makavu ni shingo ngumu. Loweka usiku, chemsha saa nzima peke yake, changanya na maharagwe yaliyolowekwa, vichemke pamoja dakika 30, kikapuni masaa matatu, rudisha motoni dakika 15, kisha kikapuni tena masaa mawili. Ukiona ni kazi nyingi tumia muthokoi, yale mahindi makavu yaliyotolewa maganda. Umekobolewa, ile safari ya pili hauihitaji.