Jumla ya mauzo imeganda kwenye 2,147,483,647, hii namba ina mdudu gani?

mama_saruji
Habarini wakuu. Tuna duka la jumla la saruji na nondo, kuna kijana alitutengenezea programu ya mauzo, sasa tangu juzi ile jumla ya tangu tufungue imeganda hapo, unauza mifuko 200 haisogei hata shilingi. Jana umeme umekatika nikakaa na kalkuleta ya simu naigawanya gawanya, kwa 3 inabaki 1, kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 1 tena!! Nikaona na kalkuleta nayo imekufa.

fundi_kodi
Pole dada. Hiyo ndo dari. Namba imetengewa biti 32 (vinafasi vya 0 au 1), moja inaliwa na alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, zikijaa zote ndo hapo, yani 2 kwa kipeo cha 31 ukatoa 1. Hata YouTube 2014 iliwabidi wapanue kaunta yao ya watazamaji sababu ya Gangnam Style, wimbo wa yule Mkorea Psy. Kama mauzo ya kila siku yapo hujapoteza kitu, mwambie dogo hiyo safu aifanye BIGINT (namba ya biti 64).

mwl_wa_namba
Kalkuleta yako nzima kabisa mama. Toa 1 uone, 2,147,483,646 ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, ndo maana 3, 7 na 11 zote zinakubakishia 1. Ila yenyewe ni namba tasa, ungekesha. Mwanahisabati Euler alishathibitisha 1772, na macho yalikuwa yameshamwishia. Kawaida ungejaribu kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo cha pili, 46,340 na ushee, ila yeye alijua kama ina kigawo, basi hicho kigawo ukikigawanya kwa 248 lazima kibaki 1 au 63, kwa hiyo nyingi akaziruka. Ni ya nane kwenye tasa za Mersenne, yani tasa za 2 kwa kipeo fulani ukatoa 1 (3, 7, 31, 127...). Na ukiizidisha kwa 2 kipeo 30 unapata namba kamilifu, vigawo vyake ukijumlisha bila yenyewe vinairudisha yenyewe, kama 1+2+3 inavyorudisha 6. Tamu sana hii.

kobe_wa_seva
Mtaikumbuka tarehe 19 Januari 2038 saa 12:14 asubuhi saa zetu, mashine za kizamani zinazohesabu sekunde tangu 1970 zitagonga hapohapo.

mama_saruji
Kumbe! Dogo nimempigia anasema Jumamosi (hakusema ipi 😂). Na hiyo dari mpya nayo ni tasa?

mwl_wa_namba
9,223,372,036,854,775,807? Wala. Gawanya kwa 7 inakubali, jibu ligawanye kwa 7 tena linakubali. Ila tumia karatasi mama, hapo kalkuleta ya simu itaanza kukuandikia E, yani namba kwa kifupi bila tarakimu zote.