Naomba ushauri: nyumba ya watumishi wa zahanati, hakuna umeme wala bomba
Wakuu habari, huku kwetu Chamwino Dodoma tunataka kujenga nyumba pacha ya mganga na nesi wa zahanati maana wakiletwa hawakai, umeme hakuna na maji ndo usiseme. Tofali nawaza zile za kufungamana za udongo na saruji, hazichomwi kwahiyo miti inapona. Kinachoniumiza kichwa ni maji, bati la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka linavuna kama lita 44,000 ukitoa zinazopotea, ila mvua ikishakata ni kiangazi mpaka Novemba Desemba huko, sasa nichimbie tanki la saruji au niweke ya plastiki? Na umeme nawaza sola, betri zake za lithiamu zinavumilia joto la huku kweli au fundi ananipiga tu? Waliojenga naombeni uzoefu, bei pia.