Ligi ya tenisi Marekani: kushinda sana kunaweza kuniponza?

mkwaju_houston
Wakuu, habari za humu. Niko Houston, nacheza ligi ya watu wazima ya USTA, chama cha tenisi cha Marekani. Wakati wa kujiandikisha nilijipangia daraja la 3.0, maana raketi nilikuwa sijaishika tangu nimalize shule. Sasa mkono umerudi. Juzi nimemfunga mtu seti mbili, gemu 6-0 na 6-1, na badala ya pongezi nahodha ananivuta pembeni: "Waachie gemu mbili tatu, utapigwa straiki." Straiki tena? Tumehamia besiboli? Na kuna mwenzetu anafungwa kila wiki, eti yeye ndiye anayepanda. Nielewesheni.

nahodha_mstaafu
Straiki ipo, mkuu. Kompyuta ya NTRP, mfumo wa USTA wa kupanga madaraja, haijali nani kashinda. Inaangalia umepata gemu ngapi ukilinganisha na ilizotegemea upate. Mnyonge akifungwa 7-5, 6-4 na mkali wa daraja lilelile, alama yake inaweza kupanda na ya mshindi ikashuka. Huyo mwenzenu si ajabu.

Alama zenyewe huonyeshwi. Daraja la 3.0 ni kuanzia 2.51 hadi 3.00, na kuna nafasi kidogo ya kuvuka juu yake. Ukiivuka hiyo nayo, straiki. Zikifika tatu unaondolewa daraja hilo msimu ukiendelea, na timu inaweza kupokonywa ushindi wako. Wanaobanwa hasa ni ninyi mliojipangia, wenye herufi S pembeni ya daraja. Wenye C, waliopangwa na kompyuta mwisho wa mwaka, kwa kawaida hawaguswi.

Hao wa kuachia gemu nawajua. Seti ya kwanza 6-1. Ya pili sevu zote zinagonga neti, dabo folti (sevu mbili mfululizo zimekosewa, pointi imekwenda) kila gemu. Ikifika ile taibreki ya pointi 10 inayochezwa badala ya seti ya tatu, sevu zimepona! Mimi mtu wa hivyo simpangi.

Ila dodoso la kujipangia daraja linauliza historia yako ya mashindano. Ulijibu nini?

mkwaju_houston
Nilichezea shule, na mkoa pia. Nahodha ndiye aliyenisaidia kujaza, akasema mambo ya Tanzania hayahesabiki huku.

nahodha_mstaafu
Yanahesabika, ndugu yangu. Timu pinzani ikilalamika, jina kwenye fomu ni lako, nahodha hayumo. Mwone mratibu wa ligi umweleze, uombe daraja la juu yake, 3.5, mapema.

dada_wa_beseni
Huku Uingereza tunatumia World Tennis Number, namba ya kupima ukali wa mchezaji: inaanzia 40 kushuka hadi 1, namba ndogo ndiyo ukali. Inahesabu seti, haihesabu gemu, kwa hiyo 6-0 na 7-5 ni kitu kimoja. Kaka, huku nahodha wako angekosa la kukunong'oneza 😄 Halafu singo (mmoja kwa mmoja) ina namba yake na dabo (wawili kwa wawili) yake. Mimi dabo niko vizuri, singo naona aibu hata kuitaja.

mkwaju_houston
Asanteni. Mratibu nitamwandikia leo. Jumamosi tuna mechi, naona niombe dabo tu ili nisifunge watu vibaya.

nahodha_mstaafu
Dabo haikufichi. NTRP ni alama moja kwa vyote viwili, na mwenzako akiwa dhaifu halafu mkashinda 6-0, ndiyo unapaa zaidi. Subiri mratibu akujibu ndipo upangwe.