Kibali cha tanuri la kuni lenye dohani katika nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa

Mkaazi wa Kibokoni

Assalaamu alaykum. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na boriti, na mama anataka ajengewe tanuri la kuni katika jiko la nyuma ili aoke mkate wa mofa. Moshi utatolewa kwa dohani itakayopenya dari na kutokea juu ya paa. Fundi anashikilia kwamba jiko ni kitu cha ndani, kwa hivyo halihitaji kibali, na yuko tayari kuanza wiki ijayo. Mimi sijaridhika. Naomba anayejua anieleze ni idhini zipi zinazohitajika, na nianzie ofisi gani.

Mchora Ramani

Waalaykum salaam, dada. Tafadhali usimruhusu aanze. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kifungu cha 57, inakataza uendelezaji wowote ndani ya kaunti bila idhini ya kaunti yenyewe, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au kupewa adhabu zote mbili. Jiko la kubebeka ni jambo jingine. Dohani inayotoboa dari na kuchomoza juu ya paa inabadilisha jengo lenyewe, ndani na nje, na hapo hoja ya fundi wako haisimami.

Kwa kuwa mko Mji wa Kale, ambao ni eneo la hifadhi, ningeanzia Ofisi ya Uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kwenda kaunti. Wapelekee mchoro unaoonyesha dohani itakavyoonekana kutoka njiani. Wakiridhika, peleka kaunti michoro iliyotiwa sahihi na msanifu majengo aliyesajiliwa, pamoja na hati za umiliki. Sheria inasema kwamba mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Hata hivyo, kwa nyumba ya hifadhi nakusihi usijenge kwa kutegemea ukimya.

Mwashi wa Pwani

Naongeza mambo ambayo mchoro lazima uyajibu, kwa sababu karatasi pekee haizuii moto. Msikubali kifua cha tanuri kijengwe kwa jiwe la matumbawe. Jiwe hilo ndilo mababu walilolichoma kwa kuni wakapata chokaa, na likipigwa na ndimi za moto kila siku litageuka unga na kupasuka. Tumieni matofali ya kuhimili moto. Pili, boriti za dari hazipaswi kukaribiana na bomba, kwani mti uliopashwa joto miaka na miaka hushika moto kwa joto dogo kuliko mti mpya. Na kwa kuwa boriti ndizo zinazobeba dari, mhandisi aamue ipi ikatwe na uzito wake ubebwe na nini.

Urefu wa dohani ndio utakaowasumbua zaidi. Kanuni ya Marekani, NFPA 211, ambayo ni kipimo kizuri cha kujilinganisha nacho, inataka dohani ipande angalau futi 3 juu ya pale inapopenya paa, na izidi kwa futi 2 sehemu yoyote ya jengo iliyo ndani ya futi 10 kutoka hapo. Kibokoni, ndani ya futi 10 mara nyingi kuna ukuta wa jirani, pengine mrefu kuliko wenu. Dohani fupi itamjazia jirani moshi madirishani. Ndefu itaonekana kutoka njiani, nao wahifadhi wataipinga.

Mkaazi wa Kibokoni

Nawashukuru nyote. Jirani ana ghorofa moja zaidi yetu, na kiwanja si chetu. Tunamiliki nyumba bila ardhi.

Mchora Ramani

Basi tafuta kwanza ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi, kwa sababu maombi huambatanishwa na hati ambayo ninyi hamnayo. Na ikiwa uwanda wa nyuma uko wazi, mwulize mama kama tanuri linaweza kukaa huko, mbali na boriti na madirisha ya jirani. Dari haitatobolewa, na mchoro utakuwa mwepesi sana, ingawa Ofisi ya Uhifadhi bado inafaa ijulishwe kwa barua.