NADH inanigomea kwenye kipimo cha LDH, nisaidieni wakuu

Chura wa Maabara: Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa tatu biokemia na projekti inaniumiza kichwa. Napima LDH (kimeng'enya kinachogeuza piruvati kuwa laktati) ya ini la kuku: bafa (kimiminika cha kutuliza pH), NADH (molekuli inayobeba elektroni), piruvati, halafu sampuli. NADH kwenye kyuveti (kichupa cha kipimo) inatakiwa iwe milimola 0.2 kwa lita, lakini kabla sijaweka sampuli mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa inasoma 0.31 kwenye mwanga wa nanomita 340, na nikiiweka haishuki kitu cha maana. Supavaiza anasema nirudie. Nimerudia mara nne, kuku wa pili huyu. Kimeng'enya kimekufa?

Bi Pipeti: Mdogo wangu, muache kuku apumzike. NADH ya milimola 1 kwa lita husoma 6.22 mwanga ukipita sentimita 1. Yako ilitakiwa ianze na 1.24 hivi. Una 0.31, yaani robo tu ndiyo nzima. Uliiyeyusha kwenye nini, lini?

Chura wa Maabara: Maji yaliyokenekwa. Jumatatu. Ipo kwenye friji. (Leo Ijumaa, najua.)

Bi Pipeti: Basi mchawi tumempata. Maji yale yakikaa hunyonya kabonidioksidi ya hewani na kuwa na asidi kidogo, na NADH haipatani na asidi kabisa. NAD+ (NADH iliyokwisha kutoa elektroni) ndiyo huivumilia, yenyewe inaogopa alkali. Iyeyushe asubuhi ileile kwenye bafa ya Tris, pH 8 hivi, weka kwenye barafu, funika na foili. Isome kwanza 340, ndipo umuite kuku.

Mpita Njia: Samahani, hiyo si ile ya kurudisha ujana inayouzwa mitandaoni?

Fundi Seli: Ukoo mmoja, mkuu, ila habari za ujana zina ushahidi mwingi kwa panya kuliko kwa watu. Usivunje kibubu. Mwili huiunda kwa niasini ya kwenye chakula. Niasini ikikosekana ndiyo unapata ugonjwa wa pelagra.

Chura, elewa pia unachokitazama. NADH inampa piruvati elektroni, piruvati anageuka laktati, NAD+ inarudi kubeba mzigo mwingine wa glukosi. Misuli ya mkimbiaji hufanya hivyohivyo oksijeni isipotosha. NAD+ haionekani kwenye 340, ndiyo maana namba hushuka. Wewe magari matatu kati ya manne yalikuwa mabovu kabla ya safari.

Chura wa Maabara: Mrejesho: leo imeanza na 1.22! Nikaweka sampuli, ikashuka mbio, nikabaki naitolea macho. Saa sikuibonyeza. Narudia.