Natuhumiwa kuandikiwa tasnifu na akili mnemba, na msimamizi anasahihisha kwa hiyo hiyo!

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Sura ya pili ya tasnifu yangu imenila miezi minne. Mapitio ya kazi tangulizi, ile sehemu kila mtu anaikimbia. Nimesoma makala mpaka macho yanawasha, nimejaza madaftari mawili kwa kalamu. Nikaituma. Siku ya tatu ikarudi na mstari mwekundu juu: asilimia 64 imeandikwa na akili mnemba, andika upya, la sivyo jina lako linakwenda kwenye kamati ya nidhamu.

Hakuna aliyeniita ofisini akaniambia, haya, nieleze hoja yako ya ukurasa wa 12. Maswali ya dakika tano yangetosha kujua kama kazi ni yangu. Programu imesema, basi.

Sasa sikieni kituko. Chini ya mstari huo kuna maoni ya msimamizi, na yanaanza hivi: "Hakika! Haya hapa maoni ya kina kuhusu sura ya mwanafunzi wako." Mwanafunzi WAKO! Mtu kanakili, kabandika, hata salamu ya mashine hakuifuta. Hoja ya tatu inanitaka nieleze nilivyowapata wahojiwa. Wahojiwa gani? Utafiti wangu wote ni wa nyaraka, sijahoji hata paka.

Msinielewe vibaya, sipingi akili mnemba kuingia vyuoni. Naitumia kupanga marejeo, na juzi imenielewesha jedwali la takwimu ambalo mhadhiri alilipita mbio. Ila mhadhiri akiitumia anakwenda na wakati, mimi nikishukiwa tu nimeshakuwa mwizi.

Na hivi vigunduzi vyenyewe, hizi programu za kukisia kama maandishi ni ya mtu au ya mashine! OpenAI, hao hao waliotuletea ChatGPT Novemba 2022, walitoa cha kwao Januari 2023. Walikiri wenyewe kwamba kwenye majaribio kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Julai mwaka huo wakakiondoa, hakiaminiki. Agosti, Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani kikazima kigunduzi cha Turnitin, ile programu ambayo vyuo hukagulia kazi za wanafunzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nao walipitisha insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho, kwenye vigunduzi saba, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa za mashine. Mnajua kwa nini? Vingi vya vigunduzi hivyo vinapima kama neno linalofuata linatabirika. Sasa sisi ambao Kiingereza tulikikuta darasani, tukachapwa mpaka tukajua kupanga sentensi nyoofu kwa maneno ya kawaida, tutaacha kutabirika vipi?

Hili la mwisho naona aibu kuliandika. Juzi usiku nilikaa nikaanza kuiharibu sura yangu kwa mkono wangu. Nikang'oa viunganishi. Kuna sentensi niliihangaikia siku nzima mpaka ikakaa, nikaikata vipande vitatu visivyo na kichwa wala miguu. Penye neno lenyewe nikaweka neno la jirani. Nikaipitisha kwenye kigunduzi kimoja cha bure: kutoka 70 ikashuka 41. Nikaacha makosa mawili ya tahajia makusudi, nikavuruga na aya ya mwisho: 19. Nikashangilia peke yangu saa nane usiku kama mtu aliyefunga bao. Kisha nikaisoma. Mbovu. Mbovu kweli kweli, kazi ambayo ningeisahihisha mimi ningeirudisha. Sijaituma mpaka sasa.

Kamati inakaa wiki ijayo. Nina madaftari yangu mawili, na faili lenye historia ya kila badiliko tangu siku ya kwanza, saa na dakika. Ile "Hakika!" nayo nimeipiga picha. Tatizo ni kwamba nikiitoa mezani namwumbua mtu ambaye ndiye atakayesaini tasnifu yangu, na nisipoitoa naingia mle kama mtuhumiwa peke yangu.

Aliyewahi kuitwa kwenye kamati ya namna hii aje hapa aseme alitokaje. Na ile picha, niitoe au niikalie?